Dawa ya Macho Yashuka Rafuni

Kila jioni mama mkwe wangu huloweka mchele. Sisi Walao, watu wa Laos, tunakula wali wa kunata, na mchele wake usipolala majini haupikiki. Basi Mama Phengsi hunawa mikono kwa sabuni, huosha mchele, huumwagia maji kwenye beseni la udongo, kisha husema, "Haya, kesho tutakula."

Tangu niolewe katika nyumba hii, sijaona jioni iliyopita bila maneno hayo. Mvua inyeshe, mafua yamshike, tugombane tusisemeshane, mchele utalowekwa.

Lakini dawa ya macho ilimshinda.

Mama ni mfumaji. Kijijini kwetu, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Luang Prabang, nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake ndipo wanawake wanapofumia. Mwaka ule alikuwa anafuma mtandio wa hariri wa binti yangu Manivon. Manivon alikuwa amechumbiwa. Arusi ilisubiri mfungo wa watawa wa Kibudha umalizike, maana mfungo ukiendelea hakuna anayeoa. Mama alikuwa amesema tangu mtoto yule akiwa mgongoni kwangu: siku ya ndoa yake atajifunga kazi ya mikono ya bibi yake.

Siku moja nikamkuta ameshika paji la uso. Amejigonga kwenye nguzo ya nyumba, nguzo aliyoipita maisha yake yote.

"Imesogea," akasema.

"Imesogea kwenda wapi, mama?"

"Imenifuata mimi. Labda ina jambo la kuniambia."

Tukacheka. Lakini nilipouangalia mtandio, kicheko kilinikauka. Maua ya katikati yalikuwa mazuri kama kawaida yake. Huku pembeni, nyuzi zilikuwa zimerukwa.

Mume wangu, Somsanit, akampeleka hospitali. Daktari akapima, akasema ni presha ya macho. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Hula uwezo wa kuona polepole, kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi.

"Ila tunaweza kulinda kilichobaki," daktari akasema. "Tone moja kila jicho, kila jioni. Kila jioni, mama, hata ukijisikia mzima."

Mama aliipokea chupa kwa mikono miwili. Nyumbani akaiweka juu kabisa, kwenye rafu ya Budha, katikati ya maua na mishumaa. Kwetu kitu cha heshima hakiwekwi chini. Mimi mwenyewe nilimshikia kigoda akipanda, nikaona tumefanya jambo la adabu sana.

Siku za mwanzo alitia dawa vizuri. Baadaye akaanza kuruka. Nikimkumbusha, ananijibu, "Nimesikia." Nikimkumbusha tena, ananuna. Somsanit akamwekea kengele kwenye simu. Ilipolia, mama akaiweka sikioni na kuita, "Haloo? Haloo? Mbona husemi?" Akadhani ni mwanawe mwingine, anayeishi mji mkuu, Vientiane. Somsanit akamweleza. Kesho yake ikalia, mama akaizima, akaendelea kula.

Nami nikachoka. Nilikuwa na hofu, na hofu ikawa inatoka kama hasira. Nikamwona mama mkaidi.

Ndipo alipokuja jirani yetu Viengkham, muuguzi wa zahanati. Alitaka kuazima kinu atwange saladi ya papai bichi. Akaiona chupa juu ya rafu. Akaomba aiangalie, akaitikisa, akakuta karibu imejaa.

"Hii ni mpya?"

"Ni ileile," nikasema.

Mama akatazama pembeni. Nikafungua mdomo kumsema, Viengkham akaniashiria ninyamaze. Akaketi mkekani karibu na mama.

"Mama, sijaja kugomba. Nisimulie tu jioni ya jana ilikwendaje."

Mama akasita. "Jana nilikuwa natia nyuzi rangi. Mikono bluu mpaka kiwikoni, sketi imechafuka. Nitakwendaje mbele ya Budha hivyo? Mpaka nioge, nibadili sketi, nivae mtandio begani, nipige magoti, nisujudu mara tatu, ndipo nipande kigoda. Nikasema acha nipumzike kidogo. Nikapitiwa na usingizi."

"Na juzi?"

"Juzi magoti yaliniuma."

Viengkham akatikisa kichwa. "Kumbe tone moja lina safari ndefu namna hii. Hata mimi ningeshindwa."

Mama akamtazama kwa shukrani. Mimi nikatazama mkeka. Kumbe hakuwa mkaidi. Tulikuwa tumempandishia mlima, halafu tukamlaumu kwa kuchoka.

"Jambo likiwa na hatua nyingi, mtu huliacha siku akichoka," Viengkham akasema. "Tupunguze hatua. Na tulifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Ni kitu gani hujawahi kusahau jioni?"

Nikajibu mimi. "Mchele. Atasahau jina langu kwanza."

"Jina lako huwa nalisahau kwa makusudi," mama akasema, na nikajua moyo wake umetulia.

"Basi chupa ikae kando ya beseni la mchele."

Mama akashtuka. "Jikoni? Dawa ya daktari ikae na vitunguu?"

"Rafu ibaki na maua yake, mama. Dawa unaiheshimu kwa kuitumia."

Mama akainuka. Kisha akaleta kikapu kipya cha kuwekea wali, kidogo, chenye kifuniko. "Kama inashuka, itashukia humu. Sitaki ipigwe na moshi."

Viengkham akakagua kona ile. Ilikuwa na kivuli, karibu na mtungi wa maji, mbali na moto. Akasema panafaa. Wakafanya pamoja. Mama akanawa, akaosha mchele, akaumwagia maji, akafuta mikono, akaketi. Akaangalia juu, akavuta kope ya chini, akadondosha tone bila ncha ya chupa kugusa jicho. Akafumba macho na kubonyeza taratibu kona ya jicho karibu na pua, dawa isikimbie.

"Sasa lile neno lako la kesho tutakula," Viengkham akasema, "ulitamke baada ya dawa. Wote ndani watajua umemaliza, hawatakusumbua. Ukisahau siku moja, usitie mara mbili kesho yake, wala usikate tamaa. Endelea tu."

Nyumba yetu ikapata amani. Mimi niliacha kukumbusha, mama akaacha kununa. Nikisikia "Haya, kesho tutakula," naendelea na kazi zangu. Safari moja alikwenda kwa dada yake bila kikapu, akakosa dawa. Aliporudi aliendelea kama kawaida. Tangu hapo kikapu husafiri naye.

Tuliporudi hospitali, daktari alipima muda mrefu. Akasema presha imeshuka, na kilichobaki hakijapungua. Mama alipofika nyumbani akafumua nakshi zote za pembeni mwa mtandio, akaanza kuzifuma upya, akigeuza kichwa huku na huku ili azione vizuri.

Siku ya kuamkia arusi, majirani walijaa uani. Wanawake waliloweka mchele wa kijiji kizima kwenye masufuria makubwa. Mama hakuachiwa afanye chochote. Beseni lake lilikuwa tupu, na mimi nikaingiwa na wasiwasi: leo hana mchele wa kumkumbusha.

Nikaenda jikoni. Nikamkuta ameketi peke yake, macho ameyafumba, kidole kwenye kona ya jicho. Beseni lilikuwa na konzi moja tu ya mchele, imezama majini.

"Mama, mchele wa arusi yote uko nje."

"Ule ni wa wageni," akasema. "Huu ni wa macho yangu. Kesho nataka nimwone mjukuu wangu."

Akafumbua macho, akafunika kikapu.

"Haya," akasema, "kesho tutakula."