Signum Iliyogoma Kung'oka

Kila asubuhi Matugena aliteka maji, akamlisha mbuzi, kisha akampelekea mjomba wake Dasio uji wa shayiri ngomeni. Dasio alikuwa signifer, mshika bendera wa kikosi cha askari themanini. Bendera yenyewe haikuwa ya kitambaa. Ilikuwa mti mrefu wenye visahani vya fedha, juu kabisa kiganja cha shaba, na chini ncha ya chuma ya kuchoma ardhini. Wenyewe waliiita signum.

"Kitendawili!" Dasio alisema akipokea bakuli.

"Tega!"

"Mguu mmoja, mkono mmoja, mdomo hana, na wanaume themanini wanamfuata."

"Signum! Mjomba, hicho unanitegea tangu sina meno."

"Haya, leo ni siku yake. Nenda kaivalishe maua. Na uchukue kigoda, usirukeruke."

Ilikuwa sikukuu ya mawaridi, ambapo signum hutolewa madhabahuni, husimamishwa uwanjani na kuvishwa mashada. Lakini mwaka huo hakuna aliyeimba. Tangu juzi ndege walikuwa wameihama ng'ambo ya Mto Danubio, upande wa maadui, na hakuna mtumbwi uliovuka. Bato, baba yake Matugena, alikuwa upande wa juu wa mto na askari tisa, wakilinda mnara wa mbao.

Matugena hakuchukua kigoda. Aliruka, akatupia shada kwenye kile kiganja, akavuta. Signum ikayumba, ikaanguka chini kwa kishindo.

Aliyeona ni Aia peke yake, binti wa mwoka mikate.

"Umetuua, Matu," alinong'ona. "Signum ikilala chini, watu wanakufa! Tuisimamishe upesi, hatujaonwa."

Waliisimamisha, lakini shimo lilikuwa limepanuka na mti ukainama. Basi Matugena akashindilia mawe kuizunguka ile ncha, akayagongelea kwa jiwe jingine mpaka mti ukatulia. Juu yake akafukia udongo na kumwaga mawaridi.

Jua halijafika utosini, moshi ukaonekana upande wa juu wa mto. Mistari miwili: mnara unaomba msaada. Baragumu likalia. Askari wakajipanga mbele ya Mukapori, kenturio wao, yaani mkuu wa kikosi.

"Signifer, ng'oa!"

Dasio akavuta. Signum haikutoka. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Kila mmoja pale alikuwa ameambiwa na babu yake kwamba signum ikikataa kung'oka, haitaki vita, na atakayeifuata harudi.

"Mikono ya uji hiyo," mmoja alitania. Hakuna aliyecheka.

"Haitaki," askari mzee akasema. "Mimi siifuati, afande. Nichape ukitaka."

Optio, naibu wa kenturio, alipita na fimbo yake ndefu akiwasukuma wasonge. Hakusogea hata mmoja.

"Dasio," kenturio akasema polepole, "umeikosea nini? Vua hiyo ngozi ya dubu ya mshika signum. Hufai kuivaa."

Dasio akaanza kufungua kifungo cha ngozi yake. Kule juu, mstari mmoja wa moshi ukakatika.

Aia alimfinya Matugena mkono. "Ukisema watakuchapa mpaka uzimie."

"Na baba je?"

Akajitoa mbio mpaka mbele ya kenturio. "Afande, mjomba hana kosa! Ni mimi. Niliiangusha, nikaishindilia mawe."

"Imeanguka!" Mnong'ono ulipita mistarini, mbaya kuliko ule wa kwanza.

"Haikuanguka yenyewe!" Matugena alilia. "Niliivuta mimi! Niliambiwa nichukue kigoda, sikuchukua."

Kenturio akapiga magoti, akafukua mawaridi kwa jambia, na kuchomoa mawe moja moja, kila moja akiliinua juu ili hata wa mstari wa nyuma alione.

"Tazameni vizuri," alisema. "Tangu lini miungu ikashindilia kokoto?"

Dasio aling'oa signum kwa mkono mmoja. Safari hii waliondoka wakikimbia.

Walirudi jua likizama. Mnara ulikuwa umeungua wote, lakini walinzi kumi walikutwa hai kwenye matete, maji yakiwafika kidevuni. Bato alikuwa ameungua bega.

"Tulibakiwa na mishale mitatu," alisema.

Dasio alimketisha Matugena kando ya ukuta. "Kuanzia kesho utasugua visahani vya signum mwezi mzima. Hiyo ni kwa kutosikia. Lakini nisikilize, mpwa wangu. Kuiangusha ilikuwa ajali, ningekugombeza, yakaisha. Kuficha ndiko kulikowagandisha watu themanini huku baba yako akingoja. Ukikosea, sema hapo hapo, kabla kosa halijaanza kuua."

"Nimesikia, mjomba."

Ng'ambo ya mto mioto ilikuwa ikiwaka, mingi kuliko ya jana. Dasio aliihesabu kimya kimya, kisha akamshika mpwa wake mkono wakaingia ndani.