Mwizi Aliyeacha Namba Kubwa

Kompyuta haikuibwa. Kiliibwa kilichokuwa ndani yake.

Hivyo ndivyo mama mtengeneza miguu alivyomweleza Inspekta asubuhi ile, katikati ya karakana ya viungo bandia. Miguu ya plastiki ilining'inia ukutani. Mashine ya kuchonga ilikuwa kimya.

"Afande, gamba ni lile lile na mafaili yangu yapo. Lakini hii si laptopu yangu. Mchoro wa goti nilikuwa naupata kabla chai haijapoa. Jana umekula mchana kutwa, halafu mashine ikazimika kwa joto."

Mkurugenzi wa karakana alicheka kwa pua, akamgeuzia Inspekta kioo cha kompyuta.

"Soma mwenyewe. Prosesa ya zamani ilikuwa gigahezi mbili nukta nne. Hii ni tatu nukta mbili. Mwizi gani anaiba kidogo na kuacha kikubwa? Tukimpata tumpe asante!"

Inspekta hakucheka. Baba yake mzazi alitembea kwa mguu uliotoka chumba kile. Tangu mzee alipojiendea msalani bila kushikwa mkono, bintiye alikuwa akitafuta namna ya kumshukuru mama huyu, asiipate. Leo nafasi ilikuja yenyewe.

"Nani anasubiri mguu sasa hivi?"

"Muuguzi wa wodi ya watoto. Wamemshikia nafasi yake kazini mpaka mwisho wa wiki tu."

"Na nani aliifungua laptopu mara ya mwisho?"

"Fundi wetu, Bisibisi. Alikuja kusafisha feni."

Bisibisi alikuwa mwembamba kama jina lake. Kituoni alikaa ukingoni mwa kiti.

"Ulibadili bodi, ile inayobeba prosesa?"

"Nilipuliza vumbi tu, afande."

"Alama zako za vidole ziko ndani."

"Fundi asipoacha vidole ataacha nini? Na nibadili niweke yenye kasi zaidi, kwa hasara yangu? Namba yenyewe inanitetea."

Kweli ilimtetea. Inspekta akamwachia, kisha akaipeleka kompyuta maabara ya uchunguzi.

"Namba hiyo imewadanganya wengi," mtaalamu wa maabara alisema, akiifungua. "Gigahezi ni hesabu ya mapigo. Haisemi kila pigo limefanya kazi kiasi gani. Chukua wapagazi wawili. Mmoja anakimbia na tofali moja mkononi. Mwenzake anatembea, lakini anasukuma toroli. Jioni nani kajenga ukuta?"

"Wa toroli."

"Na iliyoibwa ilikuwa na viini vinane, wapagazi wanane wa toroli. Hii ina viwili, vya kizazi cha zamani. Stoo yake ya karibu ni ndogo, basi kutwa inafuata tofali mbali. Ikipata moto, inajipunguzia mbio isiungue, na hiyo namba kubwa inabaki maandishi tu."

"Aliyebadilisha alilijua hilo."

"Alilijua. Akaomba Mungu ninyi msilijue."

Chini ya bodi palikuwa na kibandiko cha duka la kompyuta za mitumba. Muuzaji hakusita. "Nilimuuzia Bisibisi. Alitaka yenye namba kubwa kuliko zote. Akarudi analalamika, nikamwambia mali ikishauzwa haina marejeo."

Mtuhumiwa alipoonyeshwa kibandiko, mabega yalimwanguka.

"Basi, afande. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kaka yangu. Alinilea yeye, mama alipotutoka. Alikuwa mnadi sokoni, sauti yake ikisikika mpaka barabara ya pili. Saratani ikala koo, wakaitoa sauti yote. Zilibaki rekodi zake. Kuna programu inayosoma anachoandika kwa sauti ile ile, lakini inataka mashine yenye nguvu. Nikanunua ya tatu nukta mbili. Mimi, fundi mzima, nikaamini namba! Kaka akiandika 'habari za asubuhi', inatoka mgeni ameshaaga. Ndipo nikaibadilisha na ya karakana."

Walikwenda pamoja. Kaka mtu, pande la mtu mwenye kitambaa shingoni, alisikiliza yote bila kuinua kichwa. Kisha akaandika, na sauti nene ikajaa chumba.

"Aliniambia ameruhusiwa na karakana. Nilikuwa najiandaa kwenda kuwashukuru. Nani anaingoja?"

"Muuguzi," Inspekta alijibu.

Vidole vikaendelea kuandika.

"Nilipoamka sina sauti, muuguzi ndiye aliyenisoma midomo. Ichukueni." Akamgeukia mdogo wake. "Asante, mdogo wangu. Ulinirudishia sauti yangu. Sasa nenda na afande."

Akaifunga kompyuta kwa mkono wake.

Bisibisi alikiri mahakamani, akapewa kifungo cha nje. Aliyesimama kumwombea alikuwa mama mtengeneza miguu. Ndiye pia aliyesema, bodi ilipokuwa ikirudishwa mahali pake, "Huyo mnadi aje. Mimi nikimaliza kuchora, mchana mashine ni yake, aongee mpaka achoke."

Ndivyo ilivyokuwa, wiki ile ile bodi iliporudi, kwamba muuguzi alipokuja kuujaribu mguu mpya, Inspekta akiwa amemshika kiwiko, walipokewa na sauti ya sokoni kutoka kona ya chumba:

"Karibu, mama! Taratibu tu. Hapa hakuna anayekukimbiza."