Kifua Kisichopumua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cheche alifagia vumbi la chuma mbele ya karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Jina hilo la utani alipewa na wenzake, na si kwa sababu ya karakana tu. Ukimgusa kidogo, anawaka.

Siku hiyo alifagia harakaharaka, kisha akabeba mfano wa kifua cha binadamu uliotengenezwa kwa nondo nyembamba na kupakwa rangi nyeupe. Mwalimu wa sayansi alikuwa amemtaka kila mwanafunzi atengeneze wake kwa mikono yake mwenyewe. Atakayewashinda wengine angeiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi, na Cheche aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

Wengine walileta mifano ya maboksi na vijiti vilivyolegea. Mwalimu alipouona mfano wa Cheche, aliuliza ni kazi ya nani.

"Yangu mwenyewe, mwalimu," alijibu bila kupepesa macho.

Mwalimu alihesabu mbavu, akapata jozi kumi na mbili. Nyuma, zote zilishikamana na uti wa mgongo, kama inavyotakiwa. Alipougeuza mbele, uso wake ulibadilika. Akauliza jozi mbili za mwisho zimefikaje kwenye mfupa wa kidari, ule ulio katikati ya kifua.

"Zimechomelewa," Cheche alisema, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alitia puto ndani ya mfano, akaanza kulipuliza. Nondo hazikusogea hata kidogo. Puto lilibanwa, likagusa ncha ya chuma na kupasuka. Mtu mmoja nyuma akasema mgonjwa ameshafariki. Mwalimu akamrudishia Cheche mfano wake, akamwambia asiulete tena mpaka Ijumaa, na aje akiwa tayari kueleza mwenyewe kifua kimeunganishwaje.

Cheche alirudi nyumbani akitokota kwa hasira. Aliubwaga mfano juu ya meza ya kazi, akamwambia baba yake kwamba amemwaibisha mbele ya darasa zima, akauliza ni fundi gani anashindwa kufuata picha ya kitabuni.

Baba alivua miwani yake ya kazi taratibu. Naye alikuwa amekasirika.

"Katika karakana hii siachi chuma kinaning'inia. Lakini nilikuuliza, mwanangu. Nilikuuliza mbona hizi za mwisho hazijafika mbele. Ulinijibu nini?"

Cheche alikumbuka vizuri. Wenzake walikuwa wakimwita uwanjani, naye hakuwa amesoma hata mstari mmoja chini ya picha ile.

"Ulisema mchoraji amesahau," baba alimalizia, akavaa miwani na kurudi kwenye geti lake.

Hasira haikumtoka, ila sasa hakuwa na mtu wa kumtupia. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akafungua kitabu na kusoma. Mbavu saba za juu kila upande hufika kidarini, kila mmoja kwa gegedu lake, ambalo ni laini kuliko mfupa na hupinda. Tatu zinazofuata hujishikiza kwenye gegedu la ubavu ulio juu yake. Mbili za mwisho zimeshikwa nyuma tu, na mbele haziunganiki na kitu. Alisoma tena, huku akijipapasa kifuani na kuvuta pumzi.

Aliokota waya mwembamba wa kuwa mbavu na mpira wa ndani wa baiskeli, akaukata mpira vipande vya kuwa magegedu. Waya ulimchoma vidole, vipande vikafyatuka, akafunga upya huku akisonya. Baba alipoona hivyo akanyoosha mkono.

"Usiguse, baba," alisema. "Tafadhali."

Ijumaa alisimama mbele ya darasa na mifano yote miwili.

"Huu wa chuma aliutengeneza baba. Nilidanganya."

Mwalimu alimshukuru kwa kusema kweli, lakini akamwambia wazi kwamba bado amemkasirikia kwa uongo ule. Alimwuliza maswali mfululizo, na Cheche akajibu yote. Kisha mwalimu akatia puto ndani ya mfano wa waya, akapuliza. Mpira ulivutika, mbavu zikainuka na kutanuka. Alipoachia hewa, zikarudi mahali pake. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Utakwenda kwenye maonyesho," mwalimu alisema, "na utabeba yote miwili. Wageni watauliza kwanza kuhusu ule unaong'aa. Utawaambia ni kazi ya nani, na kwa nini haupumui. Kazi usiyoielewa, hata ikipendeza vipi, swali moja tu linatosha kuiangusha. Na uongo ni hivyohivyo."

Cheche aliwaka kwa aibu mpaka masikioni. Hata hivyo aliuchukua mfano wa chuma kwa mkono mmoja na wa waya kwa mwingine, akaenda kuketi. Ule wa chuma ulikuwa mzito kweli.