Makofi ya Grupu Hayakunilipia Ada

"Wewe, toka kwenye foleni. Hujalipiwa ada."

Jamani, mtihani wa mwisho! Mkasi mkononi, futi shingoni, wenzangu wanaingia karakana ya ushonaji, mimi nazuiwa mlangoni.

"Mimi nalipiwa na wahitimu wa chuo," nikamwambia mhasibu. "Wana grupu lao, wako zaidi ya arobaini."

"Muhula huu hawajaleta kitu. Saa nne mlango unafungwa."

Nikampigia Mama Pacha. Huyu ni fundi cherehani, mweka hazina wa hao wahitimu. Ndiye aliyeniombea ufadhili baba alipofariki, na michango yote ilikuwa itumwe kwenye simu yake.

Hapatikani.

Nikapiga tena na tena... hapatikani.

Nikakimbilia dukani kwake. Nafika, nakuta kinyozi ananyoa mtu.

"Mama Pacha yuko wapi?"

"Aliuza cherehani zote, akaachia fremu hii ya duka."

Basi nikajua nimelizwa. Kauza, kazima simu, kasepa na ada yangu. Nikakaa palepale chini kwenye nywele za watu, nikalia.

Wale wahitimu walikuwa wameniingiza kwenye grupu lao ili niwe nawashukuru. Nikarekodi sauti, nikaituma humo:

"Wakubwa zangu, Mama Pacha amekula hela zenu. Niko nje ya mtihani. Nisaidieni."

Mnayajua magrupu nyie. Moto ukawaka.

"Nilimshtukia zamani huyo mama," akaandika Mwenyekiti wao.

"Mwizi kabisa."

"Na jasho langu lote lile..."

Kinyozi akazima mashine yake. "Binti, huyo unayemtangaza mwizi yuko kibarazani hapo nyuma. Si ungeningoja nimalize kukujibu?"

Nikazunguka mbio. Nikamkuta amekaa juu ya ndoo, anapinda suruali ya mtu kwa sindano ya mkono. Mtu aliyekuwa na cherehani tatu, jamani.

"Mama, ada yangu iko wapi?"

Hakuinua uso. "Sina, mwanangu. Nilizima simu kwa aibu."

"Na michango je? Wale wote waliojiandikisha?"

"Waliandika majina, wakapigiana makofi. Aliyetuma hakuna. Mihula iliyopita nilikulipia mimi. Kila muhula nikauza cherehani moja, nikijipa moyo kwamba mwisho wa mwezi watatuma."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikarekodi tena. "Samahanini, nimemkosea Mama Pacha. Hajaiba. Aliyewahi kutuma hata shilingi, aweke hapa meseji ya muamala."

Nikaona tiki za bluu... halafu Mwenyekiti ametoka kwenye grupu. Mwingine ametoka. Na mwingine.

"Twende chuoni," Mama Pacha akasema, akachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake.

Alimbembeleza mkuu wa chuo mpaka nikaona haya mimi.

"Watu arobaini wameahidi, mkuu."

"Hizo ahadi ninazo tangu mwaka juzi, mama. Walimu wangu siwalipi ahadi."

Saa nne mlango ukafungwa. Mtihani ule sikuufanya.

Mwaka mzima nilishona kwa mkono kando ya Mama Pacha kwenye kibaraza kile. Hata siku moja hakunikumbusha ile sauti niliyorekodi. Tukachangishana ada sisi wawili, nikarudi, nikafanya mtihani, nikafaulu. Cherehani ya kwanza niliyonunua anaikanyaga yeye, hapa hapa ninapoandika.

Wapendwa, chuo kimekulea, unataka kukirudishia fadhila? Toa hicho kidogo ulicho nacho, kila mwezi, moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Kama huna, kaa kimya tu, nani atakulaumu? Ila usiweke jina lako pale ukaenda kulala, wakati kuna mtoto wa watu anasubiri mlangoni.

Juzi Mwenyekiti kafungua grupu jipya la wahitimu, na mimi kaniongeza. Majina yameanza kuorodheshwa, makofi kama kawaida. Mweka hazina aliyempendekeza ni mimi.

Nimewawekea namba ya akaunti ya chuo, basi.

Wote wamesoma. Mpaka sasa hakuna aliyejibu.