Siku Tatu Ambazo Mvua Haikuandikwa

"Tarehe tisa mwezi wa nne, mwaka jana. Asubuhi milimita ishirini na mbili, jioni arobaini na sita. Mvua ilitoka upande wa mto, ya kulala."

"Ya kulala kivipi?"

"Inayokuja imeinama. Inaingia mpaka katikati ya sakafu."

Rula aliweka alama. Karatasi ilikuwa imelowa unyevu, penseli ikawa inateleza badala ya kushika, na pembe zote nne alizikandamiza kwa mawe zisijikunje.

"Basi upenu wa upande wa mto uwe mita moja na nusu," alisema. "Ukiufupisha, utaoga ukiwa kitandani."

"Tutaoga," Fundi alisema.

Penseli ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Walikuwa wamekaa kwenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo sita, kimo cha mtu mzima kutoka ardhini, katikati ya msitu ambao haukauki mwaka mzima. Kuta hazikuwepo. Juu yao lilitandazwa turubai, na pembeni vitambaa vyekundu vilifungwa kwenye matawi kuonyesha upepo unapita wapi. Fundi alikuwa seremala aliyejifunza kazi kwa kutazama mikono ya wenzake. Mwanamke aliyekaa naye alikuwa mchora ramani za nyumba, na ofisi nzima ilimwita Rula kwa sababu hatoki bila rula yake ya chuma. Jina hilo alipewa na mwanamume huyuhuyu, zamani, walipokuwa wachumba. Sasa amekaa mbele yake na daftari mapajani, anamsomea mvua kama vile miaka minne ya kimya haikupita.

Wiki mbili nyuma ofisi ilipokea barua yake: "Nahitaji ramani ya nyumba ya mbao msituni. Isihitaji feni. Isiote ukungu. Miti isikatwe. Ni ya watu wawili. Naomba aje Rula."

Bosi alicheka. Rula hakucheka. Lile neno "wawili" alilisoma mara tatu. Angeweza kumwachia mwenzake kazi. Badala yake alijiambia ni kazi kama kazi nyingine: unapima, unachora, saa kumi jioni unapanda lori la mbao, kwisha.

"Nina maswali kuhusu huyo wa pili," alisema kwa sauti ya ofisini. "Ni ya kikazi."

"Uliza."

"Anaamka saa ngapi?"

"Kabla ya ndege. Ila hasemi na mtu mpaka anywe chai."

"Mrefu?"

Fundi aligusa bega lake. "Ananifika hapa."

"Anapenda dirisha wazi au limefungwa?"

"Wazi, hata mvua ikinyesha. Anasema nyumba isiyopitisha upepo ni sanduku."

Rula aliandika: dirisha wazi. Mwandiko wake uliharibika ghafla. Amepata wa kufanana, aliwaza. Kuna wanaume wa hivyo. Kofia ikipotea wananunua ileile.

"Anajua kupika?"

"Anaunguza."

"Pole yako."

"Nilishazoea."

Simu ililia. Rula alikuwa ameitundika kwenye nguzo ya pembeni, kwenye msumari ambao Fundi alimwambia ndio pekee unaoshika mtandao. Ujumbe ulitoka kwa dada yake Fundi, mkunga wa zahanati iliyo chini ya kilima.

"Wifi, umefika? Amekupa chai au anakusomea mvua tu?"

Rula alijibu: "Anasoma mvua. Na mimi si wifi yako."

"Haya wifi."

Alicheka bila kupenda. "Dada yako hajabadilika hata kidogo."

"Nani ambadilishe?"

"Lete hayo madaftari nisome mwenyewe. Unaruka mistari."

Yalikuwa kumi, ndani ya debe lenye mkaa wa kunyonya unyevu. Rula alifungua la kwanza na kukutana na mwandiko wake mwenyewe: "Siku ya kwanza: 14. Hatuchori hata mstari mmoja mpaka tuone mvua ya mwaka mzima."

Alikumbuka siku hiyo. Walikuwa wametoka kukipata kiwanja. Yeye ndiye aliyekata chupa ya plastiki ya kupimia mvua na kuichora mistari, akaifunga kwenye kigingi pale uwazini. Baada ya miezi sita akapata kazi mjini, safari ya siku nzima. Wakakubaliana: tarehe kumi na tano mwezi wa tisa, mwaka wa mvua ukitimia, Fundi atakwenda kumchukua ofisini, warudi pamoja wajenge. Siku hiyo Rula alikaa juu ya sanduku lake la nguo mpaka mlinzi akafunga geti. Fundi hakutokea. Kesho yake hakutokea. Alipiga simu mara tisa, haikupatikana.

Sasa alifunua kurasa polepole. Kila siku ilikuwa na mstari wake, asubuhi na jioni, kwa herufi za Fundi zinazosimama kama misumari. Mahali fulani zilitetemeka: "9. Homa. Nimetambaa mpaka kwenye chupa." Mahali pengine: "31. Tumemzika baba."

"Baba?" Rula aliinua uso. "Lini?"

"Mwaka juzi."

"Sikujua. Pole, Fundi. Pole sana."

"Nimeshapoa. Alikuwa akikuulizia."

Rula alirudi kwenye daftari kwa sababu hakujua aweke wapi macho. Akarudi nyuma mpaka mwezi ule. Tarehe kumi na tatu: 27. Tarehe kumi na saba: 40. Katikati, mistari mitatu mitupu.

Aliweka rula chini ya nafasi ile, kama anavyofanya hesabu zisipokubaliana.

"Hapa pana siku tatu hazina kitu."

Fundi alivuta randa, akaanza kulainisha ubao uliokwishalainika.

"Fundi, nasema na wewe. Una homa uliandika. Mmetoka makaburini uliandika. Hapa ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Njiani. Siku ya kwenda, siku ya kuwa pale, siku ya kurudi."

"Pale wapi?"

Randa ilisimama.

"Ofisini kwenu. Nilifika asubuhi badala ya jioni, nikukute hujajiandaa. Dada wa mapokezi akaniambia, 'Rula katoka na mhandisi, wamekwenda kuchagua pete.' Akacheka, akasema leo hapa ni furaha tupu. Nilikuwa nimeshaweka begi chini. Nikaliinua."

Msitu ulidondosha maji kwenye turubai, tone baada ya tone. Rula alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika, na Fundi hakujua kama analia au anacheka, maana hata Rula mwenyewe hakujua.

"Mchumba wa mhandisi alikuwa safarini!" alisema. "Alitaka amshtukize, na vidole vyangu na vya huyo mchumba ni saizi moja. Nilikuwa kipimo, Fundi. Kipimo tu! Saa sita nilikuwa nimerudi, nikakaa juu ya sanduku mpaka watu wa usafi wakafagia kunizunguka."

Fundi aliweka randa chini taratibu sana, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nilipiga mara tisa," Rula aliendelea.

"Laini niliitupa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utapiga kunieleza mwenyewe. Kusikia kwa mtu wa mapokezi kulitosha."

"Miaka minne! Mtu anayepima mvua mara mbili kwa siku ameshindwa kupima neno moja la mapokezi?"

"Nimeshindwa," Fundi alisema. "Na wewe ungekuja. Njia unaijua."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mara mbili alikata tiketi, na mara mbili akairudisha.

"Niliona aibu. Nilisema aliyeshindwa kunifuata atanifungia mlango usoni."

Fundi alitazama kulia, akatazama kushoto, kwenye nyumba isiyo na ukuta. "Mlango gani?"

Rula alimrushia kifutio. Kilimpata kifuani.

"Usinichekeshe, nimekasirika. Kama ulidhani nimeolewa, uliendelea kupima kwa nini?"

"Ulisema tusichore mpaka mwaka utimie. Mwaka ukatimia, na mimi sijui kuchora. Nikaendelea na ninachokijua."

"Na barua je? Kwa nini sasa?"

"Mwezi uliopita dada alimwona mhandisi wako pale zahanati, na mkewe, na mapacha. Alipanda kilima hiki mbio. Niliandika kabla hajamaliza kunywa maji."

"Ungesema kwenye barua."

"Nilisema. Watu wawili."

Rula alitazama karatasi yake. Anayeamka kabla ya ndege. Anayefika begani. Anayeunguza. Alikuwa amejihoji mwenyewe mchana kutwa, na akamwonea huyo mwanamke wivu.

"Na kama kweli ningekuwa na mume?"

"Ningejenga hivyohivyo. Nyumba ya mmoja siioni kichwani."

Honi ya lori ililia bondeni. Saa kumi. Fundi alisimama, akachukua begi la Rula na kulishika kwa mikono miwili, macho yake yakiwa kwenye vitambaa vyekundu.

"Nilikuita kwa ramani," alisema. "Sitakuzuia."

Rula alitazama mchoro. Nguzo juu ya mawe ya kuzuia mchwa, paa la mwinuko mkali, kuta za vibao vinavyopitisha hewa, tangi la maji ya mvua. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa mtupu.

"Dirisha la chumbani sijalichora."

"Utamalizia ofisini."

"Ofisini kuna jua la hapa? Lazima nilione linapita wapi kati ya miti ile miwili. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu."

"Lori halirudi mpaka baada ya siku tatu."

"Siku tatu," Rula alisema. "Weka begi chini, Fundi. Safari hii usiliinue."

Alikwenda kwenye msumari, akaandika: "Wifi, naomba nilale kwako leo."

Jibu lilikuja hata kabla lori halijaondoka: "Kitanda kimetandikwa tangu asubuhi. Chai je, amekupa?"

"Bado."

"Mpe simu huyo mtu."

Mvua ilikuja ikitokea mtoni, imeinama kama alivyosomewa, ikawalowesha wote wawili mpaka miguuni. Ilipopungua, Rula aliteremka peke yake hadi kwenye kigingi, akainama, akalinganisha jicho na mstari. Kisha akarudi na kuandika mwenyewe, chini ya miaka minne ya herufi za misumari: "Jioni, 38."

Nyuma yake Fundi alikuwa akihangaika kuwasha moto wa chai kwa kuni mbichi, huku akiguna kwa hasira. Rula aliviringisha karatasi, ukuta wa chumbani ukiwa bado mtupu, akaitia kwenye debe la mkaa pamoja na penseli na rula yake ya chuma. Kifuniko kiligoma mara ya kwanza. Alikigonga kwa kiganja.

"Kesho uje kwa dada yako uniamshe mapema," alisema.

"Wewe? Wewe ndiye utakayeniamsha."