Paka Aliyekula Mara Mbili

Habari hii alinipa Alistidia mwenyewe, mwezi wa kumi na moja uliopita, tulipokuwa uani kwake tukinyonyoa senene, wale panzi wa kukaanga. Alisimulia polepole, mikono haikuacha kazi.

Alistidia na mumewe Kahigi wanaishi Buganguzi, Wilaya ya Muleba. Wana migomba, wana mibuni, wana kuku sita. Watoto wao, Avit na wadogo zake, ni wakubwa, wanajitegemea. Paka hawafugi. Lakini kila asubuhi paka wa kijivu mwenye michirizi alikuwa akija nyuma ya jiko, paka asiye na mwenyewe. Alistidia alimtupia vichwa vya dagaa. Wakamwita Njangu, maana ndiyo paka kwa Kihaya.

Njangu alikuwa na jambo moja la ajabu. Akishakula, anaondoka. Jua likipanda kidogo, anarudi na njaa ileile.

"Huyu ana matumbo mawili," Kahigi alisema.

"Na wewe una mangapi, Baba Avit? Jana ulimaliza sahani yako ukahamia yangu."

Jumanne moja Kahigi alikuwa shambani akipunguza majani makavu ya migomba. Paka wa kijivu akachomoka kwenye majani. Hakuchokozwa na mtu. Akamrukia Kahigi, akamng'ata mkono wa kulia, akaung'ang'ania, kisha akakimbia. Kahigi alifuta damu kwa jani, akaendelea na kazi.

Jioni Alistidia aliona kidonda. Akamwambia aende hospitali. Kahigi akakataa. Asubuhi Njangu alikuja kula kama kawaida.

"Unaona?" Kahigi alisema. "Mzima kuliko mimi. Mnyama mwenye kichaa hali dagaa hivyo."

Alistidia hakubishana naye. Lakini hakutulia.

Ijumaa, Nancy, afisa mifugo wa kata, alipita na pikipiki yake akienda kuchanja kuku wa jirani. Alistidia akamsimamisha. Kahigi akanuna.

"Mama Avit, umeniitia daktari wa mbuzi?"

"Wa binadamu umemkataa. Ningefanyaje?"

Nancy alicheka, kisha akautazama mkono. Hakucheka tena.

"Tata," alimwita Kahigi, yaani baba kwa Kihaya, "uliosha hapa?"

"Nilifuta, mwanangu."

"Kufuta hakutoshi. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa tu. Paka pia anaambukiza, kwa mate yake. Ukiumwa na mnyama, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Halafu unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Mama, leta maji. Tumechelewa, lakini tuoshe."

Alistidia alimimina maji ya dumu, Kahigi akisugua na kulalamika. Nancy alikuwa akitazama saa.

"Sasa twende hospitali," alisema.

"Kwa nini? Paka ninamwona kila siku. Yule pale anakula!"

"Una hakika ndiye aliyekuuma?"

"Wa kijivu, michirizi. Paka ni paka."

Nancy akageukia shamba. "Tata, ule mgomba wa pale ni wa kupika au wa pombe?"

"Wa kupika. Nshakala."

"Hauna mkungu. Umejuaje?"

Kahigi alimwonea huruma. "Shina, mwanangu! Tazama rangi ya shina, tazama mabaka yake. Mgeni ataona migomba tu. Mimi siwezi kukosea."

"Basi na paka ana mahali pake pa kutazamwa. Rangi ya manyoya inadanganya. Tazama pua, tazama ncha ya mkia, tazama masikio na nyayo. Yule aliyeng'ang'ania mkono wako, pua yake ilikuwaje?"

Kahigi alifikiri. "Nyeusi. Nyeusi kama masizi ya sufuria. Ilikuwa hapa, karibu na macho yangu."

Wote watatu wakamtazama Njangu. Aliinua kichwa, akajilamba. Pua yake ilikuwa ya pinki.

Ndipo Alistidia akakumbuka.

"Tangu Jumanne anakula mara moja tu," alisema. "Ile mara ya pili hakuna anayekuja. Dagaa wanaliwa na kuku."

Matumbo hayakuwa mawili. Paka ndio walikuwa wawili, na mmoja hajaonekana siku tatu.

"Paka aliyeuma, huangaliwa siku kumi," Nancy alisema. "Hata akiwa anaangaliwa, wewe unaanza sindano, husubiri. Asiyeonekana tunamhesabu ni mgonjwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, mtu anashindwa hata kumeza maji, na hauna dawa. Chanjo ndiyo dawa yake, kabla ya dalili."

Kahigi alishika tumbo. "Nasikia ni sindano ishirini na moja, za kitovuni."

"Hizo ni za zamani. Za siku hizi ni za mkononi, tena chache. Lakini usiruke hata moja."

Kahigi alivaa shati safi, akapanda pikipiki ya Nancy. Muleba mjini alichomwa sindano ya kwanza, akaandikiwa tarehe za nyingine. Hakuruka hata moja.

Paka mwenye pua nyeusi hakuonekana tena. Nancy alimchanja Njangu, pamoja na mbwa wa majirani. Alistidia naye akabadili utaratibu. Aliweka sahani mbili zilizoachana, kwa wakati mmoja, ili wanaokuja waje pamoja na ahesabu. Hakumshika yeyote kwa mkono.

Jambo moja hakumwambia mumewe. Siku zote hizo, kila Kahigi alipokunywa maji, yeye alitazama koo lake. Usiku hakulala vizuri.

Siku ya sindano ya mwisho Kahigi alirudi mchana, ana kiu. Alichukua kibuyu cha maji akakimaliza. Akaomba kingine, akakimaliza.

"Mama Avit, mbona unanitazama hivyo?"

"Nakutazama tu."

Kahigi alijinyoosha kwenye kiti, akaanza kukoroma. Alistidia akaweka sahani mbili. Njangu akaja, pua ya pinki. Nyuma yake akaja mwingine wa kijivu, michirizi ileile, ncha ya mkia nyeupe.

"Wewe ni mgeni," Alistidia alimwambia. "Nancy atakuona."

Kisha akatandika mkeka kibarazani, akajilaza, na kabla paka hawajamaliza sahani alikuwa amelala.