Baridi ya Chemchemi Iliyofukiwa

Chupa ya maji ya moto ilipoa mkononi mwa muuguzi Yudith kabla hajaifikisha mezani. Alikuwa ameijaza sasa hivi tu. Akalitazama jiko la mkaa pembeni. Makaa yalikuwa mekundu, lakini alipoyasogezea kiganja hakuhisi joto lolote.

"Limerudi," alimnong'oneza Daktari Sefania.

"Ni ukungu wa Julai tu huo. Mfunike mtoto."

Maneno hayohayo aliyasema walipowapoteza wale wachanga wawili, waliopona kisu wakafa kwa baridi. Yudith aliuma meno. Chumba hiki cha upasuaji kilijengwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, juu ya chemchemi iliyofukiwa huku wazee wakisihi isiguswe. Wakaambiwa wanapinga maendeleo.

Mtoto wa leo alikuwa wa Mwanaidi, kutoka Mgwashi. Alizaliwa utumbo umeziba. Alipolala kwa dawa ya usingizi, Yudith alimzungushia pamba na blanketi, akaacha tumbo tu wazi. Daktari alipopasua, harufu ya matope na majani yaliyooza ikapanda kutoka sakafuni, ukasikika mfyonzo kama wa mnyama mwenye kiu, makaa yakafifia upande mmoja, kisha upande wa pili, midomo ya mtoto ikageuka zambarau, na Yudith alipomshika mguu, vidole vyake mwenyewe vikafa ganzi, huku kitu asichokiona kikimpumulia shingoni.

Ndipo mtoto, macho yamefumba, akafumbua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee.

"Mlinifukia gizani. Nami naota moto wenu."

Mkasi ukamdondoka daktari. "Mwite yule bibi," alisema kwa shida. Alikuwa bibi yake Mwanaidi, Bibi Tatu, mtoa majini, ambaye daktari mwenyewe alimfukuza mlangoni asubuhi ileile.

Bibi Tatu aliingia na chetezo cha ubani.

"Shikamoo, bibi," daktari alisema.

"Marahaba. Wewe shona."

Akalikemea jini kwa Kishambaa. Jini likacheka kwa kinywa cha mtoto. Hapo hasira zikampanda Yudith hata hofu ikakosa pa kukaa.

"Waliokufukia wana majina na wana nyumba! Huyu kakukosea nini? Hata ziwa la mamake hajanyonya! Unaonea vichanga, mwoga mkubwa wee! Toka!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Jiko likavuma. Midomo ya mtoto ikarudia rangi yake, na kijasho kikamtoka kwenye paji la uso. Daktari alifunga uzi wa mwisho, machozi yakiilowesha barakoa.

"Limeondoka?" aliuliza.

"Limetoka humu," Bibi Tatu alisema, bila kutabasamu. "Humu tu."

Kutoka wodi ya wazazi, mwisho wa ujia, mama mmoja akauliza huku meno yakigongana, "Jamani, nani kafungua dirisha?"

Kisha vichanga vyote vikalia kwa mpigo.

Yudith akalinyanyua jiko zima kwa glavu zenye damu, akatoka nalo mbio kuelekea wodini, akilitukana jini.